Hata Kaisari Alikuwa na DSQ



Wengi wenu mliona picha nilizotuma kutoka Italia, na mkaandika, "Mchungaji, usirudi mikono mitupu, tuletee neno." Neno nimekuja nalo, lakini si lile nililokuwa nimeliandaa. Naomba ulisome hadi mwisho, hasa wewe uliye kwenye kamati ya ujenzi, na wewe uliye na dada wa kazi nyumbani kwako.

Nilikuwa nimealikwa na ushirika mdogo wa Waafrika wanaoishi Roma. Siku ya Alhamisi mchana, dada mmoja Mkenya wa ushirika ule akajitolea kunipeleka Tivoli, mji ulio kama kilomita 30 mashariki mwa Roma, nikaone magofu ya makao ya Kaisari Hadrian. Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu kazi yake ni kumtunza bibi mzee, analala huko huko kazini, na kwa desturi ya Italia wafanyakazi wa nyumbani hupumzika Alhamisi mchana na Jumapili. Kwa hiyo alinipa mapumziko yake. Liweke hilo moyoni, tutalirudia.

Tulipanda basi. Njiani unapita machimbo ya mawe yale yale yaliyojenga sehemu kubwa ya Roma, na mahali fulani harufu ya mayai yaliyooza inaingia dirishani, kumbe ni chemchemi za maji ya kiberiti. Kisha unashuka, unatembea kidogo, unakata tiketi, na unaingia kwenye miti ya mizeituni na misonobari.

Mpendwa, usifikirie nyumba moja kubwa. Fikiria mji. Makao yale yalikuwa na ukubwa wa kama hekta 120, yaani karibu ekari 300. Hadrian humpati kwenye Biblia, kwa sababu alitawala baadaye, kuanzia mwaka 117 hadi 138. Ndiye aliyeamuru ukuta mrefu ujengwe kaskazini mwa Uingereza. Ndiye aliyeweka mji wa Kirumi juu ya magofu ya Yerusalemu, akauita Aelia Capitolina, na baada ya vita vya mwaka 132 hadi 135 Wayahudi wakakatazwa kukanyaga mji wao wenyewe. Alikuwa mtu wa safari nyingi, na alichokiona huko nje alitaka kukikumbuka nyumbani. Mwandishi wa kale aliyesimulia maisha yake anasema sehemu za makao haya alizipa majina ya mahali maarufu pa Ugiriki na Misri, na ili asibakize kitu, akatengeneza hata mahali alipopaita kuzimu.

Kuna bwawa refu liitwalo Canopus, kwa jina la mji wa Misri karibu na Aleksandria. Lina urefu wa kama mita 120, kuliko uwanja wa mpira. Kando yake kuna nguzo na sanamu, na mamba wa jiwe amelala ukingoni. Mwishoni kuna pango lenye nusu kuba, ambapo wageni wa Kaisari walikuwa wakila wamejilaza huku maji yakitiririka kuwazunguka. Kuna nyumba ndogo ya mviringo iliyojengwa juu ya kisiwa katikati ya maji, na ilivukwa kwa madaraja ya mbao yanayoweza kuondolewa. Kaisari akitaka kuwa peke yake, daraja linaondolewa, basi.

Sitakudanganya kwamba sikupendezwa. Nilipendezwa sana. Nilisimama kando ya lile bwawa nikapiga picha kama kijana. Aliyechora mahali pale alikuwa na akili, na akili hutoka kwa Mungu.

Tena mahubiri yangu yalikuwa tayari mfukoni. Mnayajua, mmeshayasikia: mwanadamu hujenga, mwanadamu hupita. Na ushahidi ulikuwa mbele yangu. Hadrian hakufia hata ndani ya makao yale. Alifia Baiae, pwani, mwaka 138, baada ya ugonjwa uliomtesa hadi akatamani kufa na asiweze. Miaka ya 1500, kadinali mmoja, Ippolito d'Este, alibeba marumaru na sanamu kutoka pale akapamba jumba lake mwenyewe hapo hapo Tivoli. Marumaru nyingine ilichomwa ikawa chokaa. Sanamu leo ziko kwenye makumbusho ya Roma, London na kwingineko. Ubatili mtupu, amina, tusimame tuombe.

Mahubiri yale ni ya kweli. Lakini ni rahisi mno. Ni rahisi kumhubiria Kaisari aliyekufa zamani. Hawezi kujibu, na mimi hayanigusi.

Yule dada ndiye aliyeniharibia mahubiri.

Tulikuwa tumefika kwenye ukuta mmoja mrefu chini ya uwanja mkubwa uitwao Pecile. Ukutani kuna vyumba vingi vidogo, vimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, kama masanduku. Vinaitwa Vyumba Mia Moja. Wataalamu wengi wanasema vilikuwa maghala na makao ya watumwa. Hakukuwa na ngazi ya ndani wala mlango wa kupitia chumba kimoja kwenda kingine; watu walipita kwenye baraza za mbao kwa nje. Juu yao Kaisari alikuwa akitembea kando ya maji baada ya chakula. Yule dada akavitazama kwa muda, akacheka kidogo, akasema, "Mchungaji, huko kwenye bwawa ulikopigia picha si kwangu. Kwangu ni hapa. Hii ni DSQ."

Wapendwa, nilinyamaza. Nani kati yetu hajui DSQ? Ukitafuta nyumba ya kupanga Nairobi, tangazo linakuambia vyumba vitatu na DSQ. Ni kile chumba cha nyuma, karibu na kamba ya nguo, ambacho mara nyingi kitanda kikiingia mlango haufunguki vizuri.

Kuanzia hapo nilianza kuyatazama magofu kwa macho ya yule dada, na yalibadilika. Chini ya makao yale kuna mtandao wa njia za chini ya ardhi. Nyingine ni nyembamba, nyingine ni pana kiasi cha kupitisha mkokoteni. Chakula, kuni, maji na watu wa kazi walipita huko chini ili juu pabaki safi na kimya. Bafu za Kaisari zilipashwa moto na watu waliochochea tanuri chini ya sakafu. Aliyeoga hakulazimika kuwaona. Hata sakafu na vyoo vilijua cheo cha mtu. Alipokaa Kaisari na wageni wake kulikuwa na marumaru za rangi na choo cha mtu mmoja. Wafanyakazi wa ngazi ya kati walilala vyumba vyenye vitanda vitatu, na sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe. Walio chini zaidi walikuwa na choo cha kukaa wengi kwa pamoja.

Yaani mtu alikaa chini, akachukua kalamu, akachora jengo ili wale wanaolibeba wasionekane. Jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Lilikuwa ndani ya ramani.

Sasa sikiliza, maana hapa shetani hupenda kutupumbaza. Hadrian hakuwa mkatili kuliko watu wa wakati wake. Kumbukumbu za kale zinasema alikataza mabwana kuwaua watumwa wao. Kesi ilipaswa kupelekwa kwa mahakimu. Hata kuhusu Wakristo, aliandika barua kwamba mtu asihukumiwe kwa makelele ya umati bila ushahidi. Kwa hiyo tunazungumza kuhusu mtu aliyekuwa na sheria nzuri mezani, na vyumba vile chini ya miguu yake. Inawezekana kuwa hivyo. Inawezekana kusema maneno ya haki hadharani, na nyumbani kwako kuna mtu anayepita mlango wa nyuma.

Galen, yule daktari maarufu wa kale, ameandika kisa kimoja cha Hadrian. Siku moja Kaisari alikasirika, akamchoma mtumwa wake jichoni kwa kalamu ya chuma, jicho likapotea. Hasira ilipopoa alijuta. Akamwita yule mtumwa, akamwambia aombe zawadi yoyote kwa ajili ya jicho lake. Mtumwa akanyamaza. Kaisari akamsihi, omba chochote utakacho. Ndipo yule mtu akasema hataki kitu kingine chochote ila jicho lake.

Kaisari aliyetawala kutoka Uingereza hadi Misri hakuwa nalo la kumpa.

Kisa hiki nilikijua zamani. Nimewahi kukihubiri kwenye semina ya wanandoa, habari ya hasira. Lakini pale Tivoli, mbele ya vile vyumba, Roho Mtakatifu alinikumbusha jicho ambalo mimi mwenyewe nililichukua.

Miaka kadhaa iliyopita kuna dada aliyefanya kazi nyumbani kwetu. Wengi wenu mlikula chapati zake mkazisifu, na sifa mkampa mama mchungaji. Dada huyo alifiwa na mama yake mzazi. Nilimpa nauli, nikamwongezea pesa kidogo na blanketi, nikamwombea mlangoni. Kisha nikamwambia arudi Jumatatu bila kukosa, kwa sababu tulikuwa na kongamano na wageni wangelala kwetu. Alirudi Jumatatu. Alipika. Nilihubiri siku nne mfululizo juu ya upendo wa Baba, na yeye alikuwa jikoni. Nami nilijiona mkarimu, kwa sababu ya nauli na blanketi.

Nilipotua Nairobi nilimtafuta kwa simu. Siku hizi ana familia yake na biashara yake ndogo. Nikamwomba msamaha, nikamuuliza, kuna kitu chochote ninachoweza kukufanyia? Alinyamaza, nikadhani mtandao umepotea. Kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilitaka tu siku za kumlilia mama."

Siku hizo sina. Siwezi kuzituma kwa M-Pesa.

Sikuandiki haya ili unihurumie. Naandika kwa sababu najua siko peke yangu. Ndugu yangu, unajua jina la pili la soja anayekufungulia geti kila usiku? Dada yangu, yule msichana anayelea mtoto wako, anakula mezani au anasubiri mbaki? Ana kikombe chake pembeni? Jumapili unapoimba mstari wa mbele, yeye yuko wapi?

Najua kuna atakayejibu, "Mchungaji, maisha ni magumu, hata mimi nimeajiriwa, nikimlipa vizuri sitaweza kumweka." Nakusikia. Wengine wenu mnalipwa mshahara ukiwa umekwisha kukatwa kila upande. Sisemi umlipe usichonacho. Lakini mengi niliyoyataja hayahitaji pesa. Kumwita kwa jina hakuna bei. Kumruhusu alie hakuna bei. Na siku ya kupumzika si hisani yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Mungu alikuwa ameshasema habari ya siku ya saba kule Sinai, na akamtaja mtumishi wa kiume na wa kike. Kama huwezi kumlipa inavyopasa, basi mwambie ukweli, mpunguzie saa, akafanye kazi kwingine pia. Usimweke kwa mapambo ya maneno kwamba yeye ni "kama mtoto wetu." Mtoto wako halali pamoja na jembe na mitungi ya gesi.

Mwingine atasema, "Hayo ni mambo ya haki za wafanyakazi, wewe tuhubirie wokovu." Mpendwa, fungua Yeremia 22 uone nabii alimwambia nini mfalme aliyejijengea nyumba pana yenye madirisha makubwa na mbao za mierezi, huku akimtumikisha jirani yake bila ujira. Fungua Yakobo 5 uone kilio cha mishahara iliyozuiwa kinafika wapi. Kisha nenda mwisho wa barua kwa Wafilipi. Paulo anatuma salamu kutoka kwa watakatifu, na anawataja hasa wale wa nyumba ya Kaisari. Mara nyingi tunapiga makofi tukidhani ni mawaziri. Nyumba ya Kaisari ilikuwa imejaa watumwa na watu waliowahi kuwa watumwa: wapishi, waandishi, wachochea tanuri. Injili iliingia kwa Kaisari kupitia mlango wa nyuma, miaka mingi kabla ya Hadrian kuzaliwa. Wale ambao jengo liliwaficha, Paulo aliwaandika kwenye Biblia.

Sasa nakuja kwetu, na hapa sitazunguka.

Mnajua ramani ya hekalu letu jipya. Mimi niliitia sahihi. Ina mlango wa mbele wa wageni waheshimiwa wenye zulia. Ina ofisi ya mchungaji yenye choo chake. Ina vigae vinavyong'aa vya madhabahuni ambavyo tumevifanyia harambee mara mbili. Na nyuma, kati ya vyoo na jenereta, ina chumba cha mlinzi wetu. Futi nane kwa nane, bila dirisha. Mwanzoni kilikuwa na dirisha na bafu ndogo. Tuliviondoa ili kupunguza gharama. Hakuna aliyepinga. Hata mimi sikupinga. Mlinzi hakuulizwa.

Mzee huyo amelinda kanisa letu tangu lilipokuwa la mabati. Usiku wa mvua ile kubwa ndiye aliyebeba vyombo vya muziki kichwani kimoja kimoja. Nasi tukakaa kikao tukamchorea tundu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nausema hapa hadharani ili nisije nikaukwepa. Kabla zege la msingi halijamwagwa, nitaiomba kamati irudishe ramani mezani. Chumba cha mlinzi kitoke kwa jenereta, kipate dirisha, bafu na nafasi ya mkewe akija kumtembelea. Kama pesa hazitoshi, tuanze na vigae vya madhabahuni. Saruji ya kawaida inatosha kupigia magoti. Kama bado hazitoshi, choo cha mchungaji kiondolewe. Nitapanga foleni pamoja nanyi. Na mlango wa waheshimiwa, naomba tuujadili kwa maombi, kwa sababu sijui ni nani tutakayemwambia aingie kwa mwingine.

Baadhi yenu mtakasirika. Kuna ndugu aliyeahidi mchango mkubwa kwa ajili ya vigae vile, na nimeshazungumza naye. Hakufurahi. Nampenda, na bado nasema hivi.

Nyumbani kwako nawe una ramani, hata kama unaishi chumba kimoja. Wiki hii fanya jambo moja. Ingia mahali anapolala anayekufanyia kazi, ukiwa umebisha hodi na kuomba ruhusa, ukae pale dakika kumi. Tazama ukuta anaoutazama. Kisha muulize swali ambalo Kaisari aliliuliza akiwa amechelewa: unahitaji nini? Ukiuliza mapema, huenda anachotaka bado kiko ndani ya uwezo wako.

Na wewe unayesoma haya ukiwa ndiwe uko DSQ, kwenye kibanda cha geti, au Roma kwa bibi mzee, au Riyadh, au Doha, simu umeificha chini ya mto: Bwana anakuona. Hukuwahi kuwa nyuma ya ukuta mbele zake. Kanisa hili ni lako, na Jumapili nataka ukae popote upendapo.

Yule dada wa Roma tuliagana kituoni jioni ile ile. Alikuwa na haraka, bibi alihitaji dawa. Nilimwuliza kama amewahi kuja Tivoli kabla. Akasema mara moja, alimleta yule bibi kwenye kiti cha magurudumu, na bibi alisinzia njia nzima.

Mkutano wa kamati ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Uko wazi kwa kila muumini. Nimemwomba mlinzi wetu ahudhurie, na safari hii kuna kiti chake.

Tuombeane.

Mchungaji wenu